Seyyid Said: Mtawala Aliyeziunga Bandari za Pwani kwa Kamba Moja

Msomaji, ukifika Mombasa usiishie Kilindini kutazama meli kubwa na makontena yao, ukarudi nyumbani ukidhani umekwisha kuiona bandari. Teremka Mji wa Kale, ipite Ngome ya Yesu, ufuate njia nyembamba mpaka ukingoni mwa bandari ya kale, pale penye forodha na ngazi zinazoshuka majini. Hapo ndipo palipokuwa mlango wa mji huu kabla Kilindini haijajengewa gati hata moja.

Mimi nimekulia karibu na mahali hapo. Katika utoto wangu, pepo za kaskazi zilipovuma, majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Ghuba na tende, mazulia na papa mkavu, kisha kusi iliposhika yakarudi kwao na boriti za mikoko ya Lamu. Watoto wenzangu walihesabu matanga. Mimi nilipenda kumtazama karani wa forodha na daftari lake, kwa maana kila nahodha, hata awe mkali namna gani, alikuwa mpole mbele ya daftari lile. Nikawa nikijiuliza ni nani wa kwanza aliyeweza kuweka karani wa namna hiyo Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo na Kilwa kwa wakati mmoja, wote wakipeleka hesabu yao mahali pamoja.

Wazee nilipowauliza walinitajia jina moja, nalo ni Seyyid Said bin Sultan. Wengine walilitaja kwa heshima, wengine kwa uchungu. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma habari zake, nilitambua kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Leo basi nataka kuyasimulia maisha yake, kwani mwambao wetu bado unaishi juu ya kazi aliyoifanya, na gharama ya kazi hiyo haifai kusahauliwa.

MTOTO WA MASKAT

Said alizaliwa Omani mwaka wa 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, alitawala Maskat, mji wa bandari ulioishi kwa ushuru wa vyombo vilivyopita kati ya Bara Hindi, Ghuba ya Ajemi na Afrika. Nyuma ya mji huo ni milima mikavu na mitende. Mali ilikuwa baharini, na hatari vile vile ilikuwa baharini. Mwaka wa 1804 Sultan bin Ahmad aliuawa chomboni akipigana na maadui zake wa Ghuba, akamwacha mwanawe Said akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu.

Utawala ukaangukia mikononi mwa binamu yake, Badr bin Saif. Shangazi yake Said, Bibi Moza binti Ahmad, mwanamke mwenye akili na ushujaa, hakumwamini Badr hata kidogo. Mwaka wa 1806 Badr aliuawa, na mkono uliomuua ulikuwa wa Said mwenyewe, kabla hajatimiza umri wa miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo alitawala kwa miaka hamsini.

Sikuanza na damu hiyo kwa kupenda habari za kutisha. Nimeanza nayo ili msomaji ajue tangu mapema kwamba mtu huyu mpole wa maneno, aliyesifiwa na wageni wengi kwa ukarimu wake, alijifunza siasa katika nyumba ambamo undugu haukuwa kinga.

Kwao Omani hakupata raha. Makabila ya bara yalimwasi, na Mawahabi walimsumbua kutoka Najd. Ndipo macho yake yakageukia kusini, ambako Waomani walikuwa na dai la tangu mwaka wa 1698, walipoitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno. Lakini dai ni jambo moja na kutawala ni jambo jingine. Maliwali waliowekwa na Omani walikuwa wamegeuka mabwana wa miji yao. Mombasa ilikuwa ya Mazrui, Pate ilikuwa na masultani wake, na kila bandari ilitoza ushuru wake na kufuata sera yake. Katika pwani hii ndefu Said alikuwa na Unguja, na Kilwa, na pengine pachache.

LAMU YAGONGA MLANGO

Bandari ya kwanza ya upande wetu kujiunga naye haikutekwa. Ilikuja yenyewe. Mnamo mwaka wa 1812 hivi, watu wa Lamu walipigana na majeshi ya Mombasa na Pate katika mchanga wa Shela, wakashinda ushindi mkubwa. Lakini walijua kwamba jirani aliyeshindwa hakosi kurudi. Wakapeleka wajumbe Maskat kuomba ulinzi. Said akakubali mara moja, akaweka liwali na askari, na ile ngome unayoiona hadi leo katikati ya mji wa Lamu ikakamilika yapata mwaka wa 1821.

Mombasa haikuwa tayari kwa jambo hilo. Yasimuliwa kwamba liwali wa Mazrui, alipodaiwa kodi, alimpelekea Said deraya ya vita, baruti kidogo na kibaba cha kupimia nafaka, na maana yake ilieleweka bila tafsiri. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mombasa, alikuwa upande wa Mazrui, na tungo zake zilimchoma Said kuliko risasi. Mwaka wa 1824 Mazrui walipandisha hata bendera ya Uingereza, wakisaidiwa na nahodha Owen wa manowari za Kiingereza, lakini serikali ya London haikulikubali jambo lile, na mwaka wa 1826 bendera ikashushwa.

Mwaka wa 1828 Said alifika Mombasa mwenyewe akiwa katika merikebu yake iliyoitwa Liverpool, yenye mizinga 74. Wakapatana, akaweka askari wake ngomeni, akaenda zake Unguja. Haukupita muda mrefu Mazrui wakawatoa askari wale. Alirudi tena na tena, akashindwa. Hatimaye, mwaka wa 1837, Mazrui walipokuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, alifaulu kuingia. Wakuu wao walikamatwa wakapelekwa jela ya Bandar Abbas, na hawakuonekana tena. Jamaa zao waliosalia walihamia Takaungu na Gazi, na huzuni ya mwaka ule imesimuliwa katika nyumba nyingi za Mombasa kizazi baada ya kizazi.

FORODHA MOJA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Said alipoizoea Unguja, aliipenda kuliko Maskat, na kufikia mwaka wa 1840 makao yake yalikuwa huko. Watu husema alivutiwa na karafuu, na kweli ndiye aliyewahimiza, hata kuwalazimisha, wenye mashamba kupanda mikarafuu. Lakini mimi naamini kwamba kwanza aliiona bandari. Maji ya kunywa yalikuwa tele, nanga ilishika vizuri, na Mrima ulikuwa karibu. Zaidi ya hayo, jahazi lililotoka Maskat au Bombay na kaskazi liliweza kufika Unguja, kuuza, kununua na kurudi na kusi katika mwaka uo huo. Likienda kusini sana, upepo ungelikimbia.

Serikali yake haikuwa na maofisi mengi. Katika kila mji wenye maana aliweka liwali na askari wachache, wengi wao Mabaluchi. Mambo ya ndani aliwaachia wenyeji. Mombasa, Mataifa Kumi na Mawili waliendelea na wazee wao. Kwenye Mrima majumbe walibaki na ngoma zao na ada zao. Kitu kimoja tu hakukubali kukigawa na mtu, nacho ni forodha.

Namna alivyoiendesha ilikuwa hivi. Badala ya kuajiri makarani wake, alimkodisha tajiri mmoja forodha zote kwa muda wa miaka kadhaa. Tajiri huyo alimlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, biashara iwe nzuri au mbaya, na chochote alichokusanya zaidi kilikuwa faida yake. Kwa miaka mingi mkodi huyo alikuwa Jairam Shivji, Mbanyani kutoka Kutch, Bara Hindi. Yeye naye akaweka mawakala wake bandari kwa bandari. Hivyo hesabu za mwambao mzima ziliishia katika vitabu vya nyumba moja ya biashara, na malipo ya forodha yakapita riali laki moja kwa mwaka, zile riali za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria.

Hasara yake nayo ilikuwepo. Mkodi alikuwa pia mkopeshaji, na mdeni wake mkubwa alikuwa Seyyid Said mwenyewe. Mtawala anayekopa kwa mtoza ushuru wake hawezi kumkaripia. Wafanyabiashara wageni walilalamika sana juu ya nguvu za Jairam, lakini balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika Unguja mwaka wa 1837 na ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, aliona heri kushirikiana naye kuliko kushindana naye.

MIKATABA NA WAKUBWA

Mataifa makubwa yalipokuja, Said hakuyafungia mlango wala hakuyaachia nyumba. Alitia sahihi mkataba na Marekani mwaka wa 1833, na Uingereza mwaka wa 1839, na Ufaransa mwaka wa 1844. Wageni walikubali kulipa ushuru wa asilimia tano juu ya bidhaa walizoleta. Wamarekani, hasa wale wa mji wa Salem, walileta kitambaa ambacho mpaka leo twakiita merekani, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Lakini katika mkataba na Waingereza aliingiza sharti moja la busara. Pembe na sandarusi za Mrima, toka upande wa Tanga mpaka Kilwa, wageni hawakuruhusiwa kuzinunua huko huko. Mali hiyo ilivuka kwanza kwenda Unguja. Mombasa nayo ikaingia katika mkondo huo huo. Pembe zilizoletwa pwani na misafara ya Wakamba, wakiwemo watu wa Kivoi, zilipakiwa madauni zikapelekwa Unguja, ambako meli za Ulaya na Marekani zilikuwa zikingoja. Ndiyo sababu watu wakasema kwamba zumari likipulizwa Unguja, hucheza walio Maziwani.

Wala hakungoja wageni wamjie tu. Alikuwa na merikebu zake, na wakati wa amani ziligeuka vyombo vya biashara. Mwaka wa 1836 aliitoa ile Liverpool zawadi kwa mfalme wa Uingereza, nayo ikapewa jina la Imaum. Mwaka wa 1840 aliituma Sultana New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa na tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe, pamoja na farasi wa Kiarabu kwa rais wa Marekani. Ilifika tarehe 30 Aprili, watu wa mji wakajaa gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Wamarekani waliitengeneza merikebu ile iliyokuwa imechakaa kwa safari, na mwisho wa mwaka ikarudi nyumbani salama.

WALIOLIPA

Hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Katika madaftari yale ya forodha, pamoja na frasila za pembe na magunia ya karafuu, waliandikwa watu. Kila mtumwa aliyepitishwa alitozwa ushuru kwa kichwa chake. Kilwa ilikuwa lango lao kuu. Walitoka kwenye nchi za Ziwa Nyasa na kwingineko bara, wakashushwa Unguja, wengine wakabaki kuchuma karafuu, wengine wakapelekwa Arabuni.

Waingereza walimbana Said kidogo kidogo. Kwa mkataba wa 1822 alikataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Kwa mkataba wa 1845 alikubali kuzuia wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Lakini uangalie mkataba huo vizuri, msomaji. Uliruhusu watumwa kusafirishwa kutoka bandari moja hadi nyingine kati ya Lamu na Kilwa. Maana yake ni kwamba ile njia ya bahari aliyoiunganisha Said, sheria iliitambua kuwa njia halali ya kupitisha binadamu. Yeye alilalamika kwamba anapoteza mapato. Pengine alisema kweli. Lakini mapato hayo yalikuwa na majina na mama zao, na hakuna daftari hata moja lililoyahifadhi majina hayo.

Nasema hivi bila kumtoa katika zama zake. Huyu huyu ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1844 na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, bila kujali tofauti ya dini. Alikuwa mstahimilivu kwa kila mfanyabiashara, awe Mhindu, Mkristo au Mwislamu. Ustahimilivu wake ulifika mpaka kwa mwenye bidhaa, haukufika kwa aliyefanywa bidhaa.

Wala si kila mji ulimpigia magoti. Siyu, mji mdogo katika kisiwa cha Pate, chini ya Bwana Mataka, uliyashinda majeshi yake katikati ya miaka ya 1840, na Said alikufa bila kuutia mkononi. Mji uliojengwa nyuma ya mikoko, ambako manowari haikuweza kusogea, uliionyesha mipaka ya utawala wa mizinga ya baharini.

MAUTI NJIANI

Mwaka wa 1854 alikwenda Omani kutuliza mambo, na mwanawe Majid akaja kushika Unguja, kwa kuwa Khalid, aliyetazamiwa kurithi huku Afrika, alifariki mwaka uo huo. Septemba 1856 alianza safari ya kurudi katika merikebu yake Victoria. Yasimuliwa kwamba kabla ya kung'oa nanga aliamuru mbao zipakiwe, ili kama mtu angefia njiani pawe na jeneza. Tarehe 19 Oktoba, merikebu ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli, mtu huyo akawa yeye mwenyewe.

Mwanawe Barghash alikuwamo chomboni. Hakuruhusu maiti itupwe baharini kama ilivyo desturi ya safari ndefu. Aliileta Unguja, akaishusha usiku kwa siri na kuizika huko Makusurani, akitumaini kuutwaa utawala kabla ndugu yake Majid hajajua. Hakufaulu wakati ule. Lakini usiku ule ule kamba ilikwisha kuanza kukatika.

Majid akabaki na Unguja na pwani ya Afrika, Thuwaini akabaki na Maskat. Wakagombana, na mwaka wa 1861 serikali ya Kiingereza ya Bara Hindi ikaamua kwamba nchi mbili zitengane, Unguja ikilipa Maskat riali elfu arobaini kila mwaka. Na mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa mezani Ulaya, wakaigawa bara, na wenye Unguja wakaachiwa visiwa na ukanda wa maili kumi tu. Lamu na Mombasa zikaangukia upande mmoja, Tanga na Kilwa upande mwingine.

Nimeyatafakari maisha haya kwa muda mrefu, na jambo moja halinitoki akilini. Said aliunganisha bandari lakini hakuwaunganisha watu wa bandari hizo. Liwali alikuwa wake, mkodi wa forodha alikuwa wake, merikebu zilikuwa zake, na fundo la kamba lilikuwa mkononi mwake. Mombasa na Lamu hazikuwa na baraza la pamoja, wala Kilwa haikuulizwa lolote. Mkono ulipopoa pale Shelisheli, hapakuwa na mwingine aliyejua namna ya kulishika fundo lile.

Nasi tumeyaona kwa macho yetu katika zama zetu. Mwaka wa 1969 Shirika la Bandari la Afrika Mashariki lilianza kuzisimamia Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara kutoka makao yake Dar es Salaam. Halikutegemea mtu mmoja, bali lilitegemea urafiki wa serikali tatu. Mwaka wa 1977 urafiki ukavunjika, Jumuiya ikafa, na mwaka uliofuata Kenya ikaanzisha halmashauri yake ya bandari. Jumuiya imefufuka tangu zamani, lakini kila nchi ina bandari zake na gati zake mpya. Lamu yenyewe, ile iliyogonga mlango wa Said, ilifungua gati lake la kwanza la meli kubwa mwezi wa Mei 2021.

Kwa hiyo, siku moja ukisimama katika ngazi zile za Mji wa Kale, mkumbuke Seyyid Said kwa haki. Umkumbuke kwamba aliona pwani moja pale wengine walipoona bandari ishirini. Uwakumbuke pia wale waliopitishwa mbele ya karani bila majina. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye aliyetembea tezi na omo ya bahari hii kwa miaka hamsini alirejea Unguja kwa siri, usiku, ndani ya mbao alizozipakia mwenyewe. Na sisi tuliobaki chomboni bado tunaitafuta kamba ambayo haitakatika mtu mmoja akifa, wala marafiki watatu wakigombana.